Stempu za Kumbukumbu Zizinduliwe Penye Kumbukumbu: Barua ya Wazi kutoka Matogoro

Kwa Postamasta Mkuu,
Shirika la Posta Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA BAHASHA ZA SIKU YA KWANZA KUGONGWA MHURI WA SONGEA

Ndugu Postamasta Mkuu,

Nakuandikia kutoka Matogoro, Manispaa ya Songea, chini ya milima ambako Mto Ruvuma unaanzia safari yake ya kwenda Bahari ya Hindi. Mimi ni mwalimu mstaafu na mkusanyaji wa stempu. Nimeamua kuandika kwa uwazi kwa sababu ninachokiomba kinawahusu Watanzania wengi, hata wale ambao hawajawahi kushika albamu ya stempu mkononi.

Ombi lenyewe nalitanguliza. Stempu za kumbukumbu zinapotolewa, naomba zizinduliwe mahali lilipotokea jambo linalokumbukwa, na bahasha zake za siku ya kwanza zigongwe mhuri wa posta ya mahali hapo. Naomba pia utaratibu huo uanzie Songea, tarehe 27 Februari, siku tunayowakumbuka mashujaa wa Vita vya Maji Maji.

Wewe unayafahamu mambo haya, lakini barua hii itasomwa na wengi, hivyo niruhusu nifafanue kidogo. Stempu ya kawaida huchapwa ili kulipia barua, na huchapwa tena kila inapohitajika. Stempu ya kumbukumbu hutolewa kwa ajili ya tukio, mtu au jambo fulani, huuzwa kwa muda, kisha basi. Bahasha ya siku ya kwanza ni bahasha maalumu yenye picha inayoendana na toleo, iliyobandikwa stempu za toleo hilo na kugongwa mhuri wa siku ileile zilipoanza kuuzwa. Mara nyingi ndani yake huwekwa kadi ya maelezo. Hapo hukutana vitu vitatu: picha, tarehe na mahali. Picha inaweza kuchapwa upya. Tarehe na mahali haviwezi. Siku ikishapita, hakuna karani anayeweza kuirudisha kwa haki. Ndiyo maana mkusanyaji mzoefu huusoma mhuri kabla hajaitazama picha.

Nchi yetu imeandika mengi kwenye vipande hivi vya karatasi. Tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, zilitoka stempu zenye mwalimu na wanafunzi wake, wachuma kahawa, simba wa Serengeti, bandari ya Dar es Salaam, almasi, na Mlima Kilimanjaro wenye Mwenge. Ukizipanga kwenye ukurasa mmoja unaona nchi changa ilivyojitazama asubuhi ya kwanza ya uhuru wake: elimu, kilimo, afya, madini na matumaini. Mwaka uliofuata, tulipokuwa Jamhuri, zikatoka nyingine zenye Rais Nyerere na bendera ikipandishwa Kilimanjaro. Mwaka 1964 zikatoka stempu za Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, kabla hata jina la Tanzania halijapatikana mwezi Oktoba mwaka huo. Jina lile refu lilidumu kwa miezi tu, lakini stempu zake zipo mpaka leo.

Visiwani historia ilipita kwa kishindo zaidi, na stempu ziliipokea ilivyokuja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, hapakuwa na muda wa kusubiri stempu mpya zichapwe. Zilichukuliwa zilizokuwapo, zenye picha ya Sultani Abdulla, zikagongwa juu yake maneno JAMHURI 1964. Nyingine ziligongwa kwa mkono, na ukizitazama kwa karibu unaona maandishi yalivyolala upande au wino ulivyozidi mahali pamoja. Hakuna kitabu kinachoionyesha haraka ya siku zile waziwazi kama wino ule ulioparama juu ya uso wa mtawala aliyekwisha tangulia.

Katika albamu yangu nina bahasha ya Oktoba 1976 ambayo mimi huwaonyesha vijana kila wanapokuja nyumbani. Ina stempu nne za usafiri wa reli. Ya senti 50 ina Reli ya Tanzania na Zambia, ile ambayo watu wa Songea huipanda baada ya kusafiri kwa basi mpaka Makambako. Ya shilingi 1 ina daraja la reli juu ya Mto Nile nchini Uganda. Ya shilingi 2 ina stesheni ya Nakuru, Kenya. Ya shilingi 3 ina kichwa cha treni cha mwaka 1896. Picha zake ni za nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, kwa kuwa posta ilikuwa moja, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata Jumuiya ikavunjika, na kila nchi ikaenda na posta yake. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 akiishika bahasha hiyo, huuliza maswali ambayo somo la uraia halijawahi kumfanya aulize: Kwa nini nchi tatu? Nani aliamua? Ilikuwaje ikavunjika? Hapo mwalimu hana haja ya kubembeleza usikivu.

Lakini kabla ya stempu zetu wenyewe, kulikuwa na za wengine juu ya ardhi yetu, na hapa ndipo Songea inapoingia kwa uzito wake. Wajerumani walianza mwaka 1893 kwa kuchukua stempu za kwao na kuzigonga thamani kwa sarafu ya koloni iliyoitwa pesa. Kuanzia mwaka 1901 stempu za koloni zilikuwa na picha ya Hohenzollern, meli ya starehe ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Hizo ndizo zilizokuwa zikitumika Maji Maji ilipowaka mwaka 1905 kutoka Umatumbi na kuenea kusini yote mpaka kwa Wangoni. Hizo ndizo zilizokuwa zikitumika tarehe 27 Februari 1906, mashujaa zaidi ya 60 waliponyongwa hapa Songea na kuzikwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, alinyongwa peke yake siku chache baadaye, na kaburi lake liko pembeni. Ndugu Postamasta Mkuu, nakuomba ulifikirie hilo kwa kitambo. Habari za mauaji yale zilisafiri zikiwa zimelipiwa kwa picha ya meli ya Kaisari.

Miaka 10 baadaye wakaja Waingereza. Mwaka 1916 stempu za Nyasaland zilipigwa chapa ya herufi N.F. kwa ajili ya askari wa Nyasaland na Rhodesia walioingia kusini-magharibi mwa nchi. Jeshi hilohilo ndilo lililoitwaa Songea mwaka huo. Kisha zikaja za G.E.A., halafu za twiga mwaka 1922. Katika miaka 30 tu, bendera zilibadilika na herufi zikabadilika, na kila mtawala aliigonga nchi hii chapa yake. Ni haki sasa Songea iwe na siku yake, ambayo mhuri unaogongwa ni wetu, juu ya picha tuliyoichagua wenyewe, ya watu waliokataa kutawaliwa.

Nasema hivyo nikijua kwamba 27 Februari si siku ya Songea peke yake. Kila mwaka watu hukusanyika kwenye viwanja vya Makumbusho ya Maji Maji, eneo la Mahenge hapa Songea, wakiwamo wajukuu na vitukuu wa waliouawa. Tarehe 1 Novemba 2023 alifika hapo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, akakutana na ukoo wa Mbano na kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliyatenda. Habari ile ilizunguka dunia nzima kwa siku mbili, tatu, kisha magazeti yakageukia mengine. Stempu haigeukii mengine. Itakaa kwenye albamu Berlin, Muscat, Nairobi na Toronto, na kila atakayeifungua atakuta jina la mji huu na tarehe ile.

Wenzetu wameshaonyesha njia. Posta ya Marekani ina desturi ya kuzindua stempu katika mji unaohusiana na jambo lenyewe. Oktoba 1997 ilipotoa stempu ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyobuniwa na Maulana Karenga mwaka 1966, iliizindulia Los Angeles, mji ambako sikukuu hiyo ilianzia. Jina la sikukuu walilitoa katika Kiswahili chetu, nao wakaona ni sawa mhuri wa kwanza ugongwe pale ilipozaliwa. Sisi wenye lugha, wenye makaburi na wenye milima hatuna sababu ya kushindwa.

Nizungumzie sasa jambo ambalo wakusanyaji wa nchi hii wamelibeba moyoni kwa muda mrefu. Miaka ya 1980 na 1990, nchi yetu, kama nchi nyingi za Afrika na Karibi, ilitoa matoleo mengi yaliyolenga soko la nje. Tukawa na stempu za Tanzania zenye wahusika wa katuni za Walt Disney na za Elvis Presley. Nazijua hesabu zilizokuwapo: nchi ilihitaji fedha za kigeni, na mkusanyaji wa ng'ambo alilipa bila kudai barua yake ibebwe popote. Hata hivyo gharama yake imebaki kwetu. Matoleo yalipozidi, wakusanyaji makini wa nje wakapunguza heshima kwa jina la Tanzania kwenye stempu, na mtoto wa Kitanzania aliyetaka kuijua nchi yake kupitia stempu alikutana na Mickey Mouse kabla ya kukutana na Kinjekitile Ngwale wa Maji Maji. Stempu ni ya nchi inapobeba kinachowahusu wenye nchi. Kwa hiyo naomba matoleo yawe machache, yachaguliwe kwa kina, na kila moja liwe na mahali pa kulizindulia hapa nchini. Toleo lisilo na mji, kijiji, mlima wala mto wa Tanzania linaloweza kuzinduliwa hapo, pengine halistahili kuwa letu.

Mfano wa pili uko mlangoni kwangu. Milima ya Matogoro ndiyo inayouzaa Ruvuma. Hapa juu mto ni kijito unachoweza kukiruka. Huko chini ni mpaka wa nchi mbili, na unasafiri karibu kilomita 800 mpaka baharini, kusini mwa Mtwara. Mwaka 2010 Tanzania na Msumbiji zilifungua Daraja la Umoja juu ya mto huu. Kuna toleo zuri linalosubiri hapo: stempu nne, moja ya chemchemi ya Matogoro, moja ya wavuvi na wakulima wa bondeni, moja ya Daraja la Umoja, moja ya Ruvuma ukikutana na bahari. Litolewe kwa pamoja na posta ya Msumbiji, siku moja, kwa mihuri miwili: Songea upande wa chanzo, na mji watakaouchagua wao upande wa pili. Sisi tunaoishi hapa tunauona msitu wa chanzo unavyokatwa na kuchomwa moto. Stempu peke yake haitapanda mti, lakini itawaambia watu wa Matogoro kwamba taifa linajua maji yake yanatoka wapi, na itawapa viongozi wetu wa kata neno la kusimamia.

Najua nitaulizwa: nani anaandika barua siku hizi? Ni kweli, ujumbe wa simu umechukua nafasi ya barua za salamu, na masanduku ya posta sasa yanapokea zaidi vifurushi na nyaraka za ofisi. Lakini mkusanyaji hanunui stempu ili atume barua. Ananunua ili aitunze, na kila stempu inayotunzwa bila kutumika ni huduma iliyolipiwa ambayo Shirika halijabeba mzigo wake. Kuzindua toleo Songea kutagharimu safari, mhuri maalumu na meza mbili tatu za mauzo. Kutaleta wanafunzi, wageni wa makumbusho, jamaa wa mashujaa, mapadre na masista wa Peramiho ambako wamisionari walifika mwaka 1898, na wenyeji ambao hawatakosa kununua bahasha yenye jina la mji wao. Anayeishi mbali ataagiza, kwa sababu mhuri huo hautapatikana kwingine.

La muhimu zaidi ni vijana. Kukusanya stempu ni kazi inayofundisha mikono utulivu. Mimi huwaonyesha vijana namna ya kukata pembe ya bahasha na kuacha ukingo wa karatasi, kuitumbukiza kwenye maji ya vuguvugu, kungoja gundi ilegee bila kuivuta, kisha kuilaza stempu juu ya karatasi safi uso ukiwa chini. Ikishakauka, inakandamizwa ndani ya kitabu kizito usiku mzima. Asubuhi tunahesabu meno yake, maana jino moja likikatika thamani inashuka. Halafu tunasoma mhuri. Nimeona mtoto asiyependa historia akikaa kimya kwa muda mrefu, lenzi mkononi, akitafuta tarehe iliyofifia ili ajue barua ilitoka wapi. Hapa Matogoro tuna Chuo cha Ualimu. Walimu wanaoandaliwa hapo wakifundishwa kutumia stempu darasani, watakwenda nayo mikoa yote.

Bahasha ya siku ya kwanza haitakiwi kutumbukizwa majini hata kidogo. Thamani yake ni kubaki nzima. Na Songea, kuanzia Novemba mpaka Aprili, unyevunyevu wa mvua ni adui mkubwa. Gundi inajishika yenyewe na karatasi inaota madoa ya kahawia. Mtu binafsi anajitahidi kwa karatasi za kutenganishia na kabati lililoinuliwa kutoka ukutani, lakini maisha yake yana mwisho. Ndiyo maana naomba pia kila toleo linapotoka, seti moja na bahasha yake ihifadhiwe katika makumbusho ya mahali husika. Makumbusho ya Maji Maji yakiwa na bahasha yake yenyewe, mtoto wa Songea hatahitaji kumtafuta mkusanyaji ili aione.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo anayetaka kuijua kwa kina historia ya stempu zetu huifuata kwenye katalogi za Stanley Gibbons ya London, Michel ya Ujerumani na Scott ya Marekani. Tunawashukuru kwa kazi yao. Lakini wao wanahesabu rangi, meno na bei. Sisi tunahitaji daftari la Kiswahili linalosema pia mtu aliye kwenye stempu ni nani, tukio lilikuwa lipi, msanii aliyechora ni nani, na lilizinduliwa wapi. Tangu mwaka 2002 Umoja wa Posta Duniani una utaratibu wa namba za kuzitambua stempu halali za nchi wanachama. Daftari letu likiandikwa sambamba na namba hizo, litawalinda pia wanunuzi dhidi ya wanaochapisha stempu za kughushi kwa jina la Tanzania.

Ndugu Postamasta Mkuu, kwa muhtasari, nakuomba mambo matano.

Kwanza, toleo la kuwakumbuka mashujaa wa Maji Maji lizinduliwe Songea tarehe 27 Februari, kwa mhuri maalumu wa siku ya kwanza wenye jina la Songea, na maelezo yake yaandikwe kwa kushauriana na koo za mashujaa pamoja na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa.

Pili, utaratibu huo uwe wa kudumu: kumbukumbu ya Umatumbi izinduliwe Umatumbi, ya Butiama izinduliwe Butiama, ya Unguja na Pemba izinduliwe huko huko.

Tatu, siku ya uzinduzi stempu ziuzwe kwenye kaunta za posta za mikoa yote, ili mtu wa Songea, Kigoma au Wete anunue siku ileile na mtu wa Dar es Salaam.

Nne, daftari la stempu zote za nchi hii, kuanzia zile za 1961, lichapishwe kwa Kiswahili na kusambazwa kwenye maktaba, shule na vyuo vya ualimu.

Tano, wasanii wa Tanzania wapewe nafasi ya kwanza ya kubuni stempu zetu kwa mashindano ya wazi, na majina yao yatajwe.

Desemba 2031 Tanganyika itatimiza miaka 70 ya uhuru, na miaka 70 ya stempu zile za mwalimu, kahawa na simba wa Serengeti. Utaratibu huu ukianza mapema, itakapofika siku hiyo kila mkoa utakuwa umeshagonga mhuri wake juu ya sehemu yake ya historia, na mkusanyo wetu utakuwa ramani ya nchi nzima.

Na kwako msomaji wa barua hii: ukiwa na bahasha za zamani za baba au bibi, usizichome na usizinyofoe stempu zake kabla hujasoma mihuri. Ziweke mahali pakavu. Kisha nenda posta iliyo karibu nawe, uliza zipo stempu gani za kumbukumbu, ununue japo moja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkusanyaji wa stempu,
Matogoro, Songea.